Ile moja ya kwenye 16

Kuna suali moja dogo nawauliza watoto kila mwaka wakiingia darasani kwangu, darasa la pili, huku kwetu Pemba upande wa Wete. Namwita mtoto mmoja mmoja mezani, namwaga vifuniko vya soda, namwambia nihesabie kumi na sita. Anahesabu, wengi hata hawakosei. Namwambia haya iandike hapa, anaandika 16, safi kabisa. Naweka kidole kwenye ile 6, hii inasema vifuniko vingapi, nioneshe, anatenga sita. Halafu naweka kidole kwenye ile 1, na hii jee? Anachukua kifuniko kimoja. Kimoja tu. Pale mezani vinabaki vifuniko tisa havina mwenyewe, namuuliza na hivi jee, ni vya wapi, ananitizama kama mie ndo nimevizidisha.

Suali hili sikulitunga mie. Kuna mtafiti anaitwa Constance Kamii, alisoma kule Geneva kwa Piaget, yule mtaalamu wa namna watoto wanavyofikiri, akawauliza watoto wa Marekani hivi hivi miaka ya 1980 na wengi wakamjibu hivi hivi, wakachukua kimoja. Mie nilipolijua nilishukuru sana manake nilikuwa nadhani ni sie tu, ni wingi wa watoto darasani, ni mkondo wa mchana watoto wamechoka na jua. Kumbe ni ugumu wa jambo lenyewe. Hebu fikiri mtoto wa miaka saba, kila kitu anachokijua duniani hakibadiliki kwa kuhamishwa. Embe ukilitoa kulia kwa mkeka ukaliweka kushoto haliwi maembe kumi. Leo unakuja kumwambia kuna kijistari hichi, kikisimama hapa ni kimoja, kikisogea hatua moja ni kumi, kikisogea tena ni mia, na sura yake ni ileile. Si jambo dogo hata kidogo, na sie walimu na wazazi tunalipita kama vile ni kumfundisha mtoto rangi.

Na mie nililipita miaka mingi, nasema kweli. Nilikuwa nachora ubaoni vyumba viwili, juu naandika makumi na mamoja, mtoto anatia 4 huku na 7 kule, napiga tiki. Mtihani unauliza katika 47 ile 4 iko nafasi gani, anaandika makumi, tiki nyengine. Kumbe anachojua ni kwamba chumba cha kushoto kinaitwa makumi, kama anavyojua njia hii inakwenda Konde na ile inakwenda Chake. Jina la chumba analo, kilichomo ndani hana khabari nacho. Siku hizi sikuulizi iko nafasi gani, nakuuliza ni ngapi, nioneshe kwa mikono.

Sasa lugha yetu hapa imetupa zawadi na imetupa mtihani pia. Zawadi ni kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Mtoto akilitamka jina tu keshaambiwa kila kitu, kuna kumi na kuna tatu. Mwengereza kumi na moja yake na kumi na mbili yake zina majina yao peke yake, ndani husikii kumi. Sie tunaisikia mpaka kumi na tisa, halafu ghafla ishirini. Ishirini ni neno la Kiarabu, mtoto wa Kiswahili halimwambii mbili wala halimwambii kumi. Thelathini haina tatu ndani, arubaini haina nne, hamsini haina tano, thamanini haina nane. Lakini tazama sitini, sabini na tisini, hizi zinajisema zenyewe manake sita, saba na tisa zetu nazo zimetoka hukohuko kwenye Kiarabu, zimekuja pamoja na ndugu zao. Nimekaa na watoto nikaona kweli, anayejikwaa arubaini na hamsini akifika sitini, sabini anatembea.

Kwaiyo nafanya mambo mawili. La kwanza, mwezi mzima wa mwanzo tunahesabu kwa majina mawili, kumi, makumi mawili, makumi matatu, makumi manne, na 25 tunaisema makumi mawili na tano halafu ndo ishirini na tano. Mama mmoja alinisimamisha njiani akaniambia mwalimu, mwanangu ananambia nimletee makumi mawili na tano, mbona mnawarudisha nyuma, mtoto alikuwa keshajua ishirini. Nikamwambia bi mkubwa, alikuwa anajua jina, subiri kidogo. Alikubali kwa heshima tu, nilimuona usoni, ila mtoto wake ndo wa mwanzo mwaka ule kunionesha vifuniko kumi nilipogusa ile moja ya 16. La pili, nawaambia watoto hebu hesabuni kama chuoni, kule mnakosomea Kurani. Wahid, ithnain, thalatha, arbaa, khamsa, wanapaza sauti darasa linatikisika. Nikawauliza thalatha na thelathini jee? Arbaa na arubaini? Kimya kidogo, halafu mmoja nyuma kule akapiga ukelele, "Khamsa hamsini!" na wote wakaanza kuzitafuta nyengine wenyewe. Neno walikuwa nalo tangu wana miaka minne, hakuna aliyewahi kuwaunganishia.

Na hapo hapo chuoni pana jambo jengine ambalo linaniuma mpaka leo. Kijana mmoja, mwaka wa nyuma kidogo, kila nikisoma kumi yeye anaandika 1 na nukta. Kumi, 1 na nukta. Nikadhani anaweka kituo kama kwenye sentensi, nikamtilia mkosa, wiki ya pili mkosa, wiki ya tatu mkosa. Hakusema kitu. Siku moja nimekaa nyumbani nimefungua msahafu nasoma, nikafika aya ya kumi, nikaiona. ١٠. Kijistari na nukta. Mtoto wa watu alikuwa ananiandikia kumi iliyo sahihi, sifuri ya chuoni ni nukta, na mie nikamchora mikosa wiki tatu. Kuna zaidi ya hapo, duara ambayo skuli ni sifuri kule chuoni ndo tano, ٥, kwaiyo 10 yangu ubaoni kwa mtoto yule ilikuwa inafanana na kumi na tano. Nilikwenda nikamuomba radhi mbele ya wenzake nikamwambia wewe ulikuwa sawa, mwalimu hakujua. Tangu hapo ukutani kwangu kuna mistari miwili ya tarakimu, ya skuli juu na ya chuoni chini, na watoto wenyewe ndo waliogundua kwamba ijapokuwa maandishi ya chuoni yanatoka kulia kwenda kushoto, namba zimekaa vilevile kama zetu, makumi kushoto mamoja kulia. Suratul Fiil ni ya 105, ukiitazama ١٠٥, mia iko kushoto, nukta katikati, tano mwisho. Nukta ile katikati ndo somo lenyewe.

Manake sifuri ni neno la Kiarabu, sifr, tupu, kisicho na kitu. Wahindi ndo walioanza kuandika hesabu kwa tarakimu hizi na mahali pake, al-Khwarizmi wa Baghdad akaziandikia kitabu karne ya 9, na Ulaya zilichelewa sana, kijana wa mfanyabiashara wa Italia aitwaye Fibonacci alifunzwa alipokuwa bandari ya Bejaia, Algeria ya leo, akarudi kwao akawaandikia watu wake mwaka 1202 na bado wafanyabiashara wa kwao walichukua muda mrefu kuzikubali. Watu wazima hao, wenye maduka. Kwaiyo mtoto wa darasa la pili akikwama wiki mbili mie sina haki ya kumpigia kelele.

Mkwamo mkubwa wa sifuri ni huu, mwambie mtoto aandike mia na tano, anaandika 1005. Amekosa wapi? Amesikia mia akaandika mia, 100, akasikia tano akaandika 5. Ameandika alichosikia kama anavyoandika silabi, ma na ma ni mama. Kumwambia umekosa futa hakumsaidii. Mie nakata maboksi ya sabuni natengeneza kadi, ya mia ni ndefu ina 100, za makumi ni fupi kidogo, 10, 20 mpaka 90, za mamoja ni fupi kabisa. Mia na tano anachukua kadi ya 100 na kadi ya 5, anaipandisha ile 5 juu ya sifuri ya mwisho ya 100, zinalingana ukingoni, anasoma 105. Akiinua ile 5 anaiona sifuri iko chini pale pale, haikutoka. Kuna watoto wanainua na kufunika, wanainua na kufunika, mpaka unaona wameelewa kwamba mia haikuondoka, imefunikwa tu.

Ila kadi si mwanzo. Mwanzo ni njukuti, na hapa naomba mnivumilie manake hili ndo nililotaka kuandika toka asubuhi.

Kila mtoto anakuja na njukuti za makuti kutoka kwao, hakuna nyumba isiyokuwa na ufagio wa njukuti au mnazi jirani, tunazikata urefu mmoja, na tunapata ukindu wa kufungia. Njukuti kumi zikifungwa ni kicha. Vicha kumi vikifungwa pamoja ni tita. Sikuanza na makumi na mamia, nimeanza na njukuti, kicha, tita, maneno ya nyumbani ambayo mtoto keshayasikia kwenye mchicha na kuni. Na sharti langu ni moja, hakuna anayepewa kicha kilichokwisha fungwa. Zamani nilikuwa nafunga mwenyewe usiku kuwarahisishia, vicha arubaini hamsini, asubuhi nawagawia, na wakavichezea vizuri lakini ukimuuliza kicha hiki kina njukuti ngapi anakwambia moja. Kwake kile ni kitu kimoja kilichokuja na mwalimu. Kumi lazma aihesabu yeye, aikamate kwenye kiganja chake inamjaa, aifunge yeye, ukindu umkatalie, aombe mwenzake amshikie. Nafunga kwa mikono yangu naijua iko ndani.

Mchezo ni wa dadu la ludo. Mnakaa wanne kwenye mkeka, unarusha, umepata tano unachukua njukuti tano, zamu ikirudi umepata sita unachukua sita, sasa unazo kumi na moja, sharti ufunge kabla zamu haijakupita, na wenzako wanahesabu kwa sauti kukuangalia huibi. Anayefika vicha vitano wa mwanzo kashinda. Kuna kijana alikuwa hataki kufunga, ana njukuti kumi na tatu zimelala hovyo mbele yake, wenzake wanampigia kelele, yeye ananijia ananiuliza mwalimu mbona nikifunga ni zilezile? Nilitamani nimkumbatie. Nikamwambia ndo hivyo, ni zilezile, kicha ni kimoja na ni kumi kwa wakati mmoja, hakuna iliyopotea na hakuna iliyozidi. Alirudi akafunga.

Msimu wa karafuu ule, nusu ya darasa wamelala na harufu ya makonyo mikononi, nikawa naeleza tena habari hii ya kimoja ambacho ni kumi na msichana mmoja ambaye kwao wachumaji wanapimiwa uwani akasema, "Mwalimu, kama pishi." Nikamwambia eleza. Akasema pishi ni moja lakini ni vibaba vine, ukitia kibaba, ukitia kibaba, vikifika vine bibi anasema pishi moja, na hahesabu tena vibaba anahesabu pishi. Sikuwa na cha kuongeza. Wazo hili la kwamba kiasi kikitimia kinapata jina jipya na unaanza kulihesabu hilo, nyumba zetu zimejaa. Boriti za mikoko zinauzwa kwa korja, yani ishirini ishirini. Kanga ni doti. Tofauti ya skuli ni kwamba kule nyumbani kila kitu kina kiasi chake, vine, ishirini, mbili, na kwenye tarakimu ni kumi daima, hakuna pengine, kumi za kumi ni mia na kumi za mia ni elfu. Mtoto anayejua pishi ana mlango tayari, tatizo ni pale anapofika skuli tukamwambia sahau ya nyumbani.

Wengine wananishauri nianze na pesa kwa sababu watoto wanazijua. Mie pesa naziweka mbele huko, katikati ya mwaka. Sarafu ya 200 si kubwa mara mbili ya sarafu ya 100, na noti ya 1000 ni karatasi nyepesi kuliko sarafu kumi za mia zilizo sawa nayo, kwaiyo ukubwa huuoni kwa macho, unauamini tu kwa sababu mwenye duka anauamini. Kicha cha njukuti unakiona kinene, ukikifungua kinamwagika kumi. Abakasi vilevile, nzuri sana lakini shanga ya makumi ni sawasawa na shanga ya mamoja, mahali tu ndo panatofautiana, yani ni ugumu uleule wa tarakimu umetundikwa kwenye waya. Ikija baada ya njukuti inaeleweka, ikija kabla ni mchezo wa shanga.

Mzazi ambaye yuko nyumbani na mtoto wa umri huu, usinunue kitu. Vitumbua vikiwa vinapakuliwa mwambie akupangie kumi kwa sahani, sahani tatu na vitumbua vinne vya pembeni, vingapi? Asihesabu kimoja kimoja tena. Akihesabu kimoja kimoja mwache, kesho rejea. Siku atakayosema kumi, ishirini, thelathini, thelathini na nne bila kugusa kimoja kimoja utaijua mwenyewe.

Sasa wiki iliyopita. Tumefika kutoa, 42 toa 17, na nusu ya darasa wameandika 35. Unaijua hii, mbili haiwezi kutoa saba basi mtoto anageuza, saba toa mbili tano, nne toa moja tatu. Zamani ningesema kopa kwa jirani, na wangejifunza kukopa bila kujua wanakopa nini na kwa nani. Safari hii nimewakalisha duara nikasema mie mnunuzi, nani mwenye duka. Akaja msichana mmoja mkimya sana, wa wale waliochukua kifuniko kimoja mwezi wa Januari. Nikamwekea vicha vine na njukuti mbili. Niuzie kumi na saba.

Akanipa kicha kimoja upesi. Halafu akachukua zile mbili akanyoosha mkono, akasita. Akazirudisha. Akazitazama, akavitazama vile vicha vitatu vilivyobaki, wenzake wanamwambia huna, huna, sema huna. Nikawanyamazisha. Alikaa hivyo muda mrefu, mie moyo unanienda mbio lakini sikusema neno. Akachukua kicha kimoja akakigeuza geuza mkononi, kile alikifunga mwenyewe wiki ile ya mwanzo, nakijua kwa ule ukindu wa rangi ya zambarau. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nikifungua nitakuwa nimekiharibu?"

Nikamwambia hukiharibu.

Fundo lilikuwa limekaza akalifungua kwa meno. Zikamwagika, akazichanganya na zile mbili, akanihesabia saba moja moja mpaka kiganjani, zikabaki tano mbele yake na vicha viwili. Darasa zima kimya. Akasema makumi mawili na tano, halafu akajisahihisha mwenyewe, ishirini na tano. Akaenda kwenye daftari lake akaitazama ile 35, hakuifuta, akaandika 25 pembeni yake. Ule ukindu wa zambarau akaufunga mkononi kama bangili akarudi kukaa.